Wanasoka Nao Wanastahili Mkataba wa Hali Bora

Mkazi wa Rujewa hahitaji kuelezwa Ihefu ni nini. Kwanza ni ile ardhi oevu ya Usangu inayoulisha Mto Ruaha Mkuu. Pili, kwa misimu michache, ilikuwa timu ya mpira iliyowafanya Simba na Yanga wafunge safari hadi Ubaruku, kwenye Uwanja wa Highland Estates, katika wilaya ya Mbarali, ambayo wengi wanaijua kwa mpunga tu. Ihefu ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2020/21, ikashuka msimu huohuo, ikarudi 2022/23. Tarehe 29 Novemba 2022 iliifunga Yanga mabao 2-1 na kukata mfululizo wa mechi 49 za ligi ambazo Yanga walikuwa hawajafungwa. Yannick Bangala aliwatanguliza wageni, Never Tigere akasawazisha, Lenny Kissu akamaliza kazi. Oktoba 4, 2023 matokeo yakawa yaleyale, 2-1, uwanja uleule. Kabla msimu huo wa pili haujamalizika, timu ilikuwa imeshahamia Singida, na msimu wa 2024/25 ikaanza kwa jina jipya, Singida Black Stars. Mbarali ikabaki na uwanja.

Uhamisho huo uliwauma mashabiki, lakini haukuzua kesi. Klabu ni mali, na mwenye mali akifuata taratibu anaweza kuihamisha mkoa, kuibadilisha jina na kuiuza. Sasa tulinganishe na jambo lililotokea upande wa pili wa mkataba. Wiki chache baada ya kipigo kile cha kwanza cha Ubaruku, kiungo tegemeo wa Yanga, Feisal Salum, maarufu Fei Toto, aliiandikia klabu barua ya kuvunja mkataba. Alikuwa Yanga tangu 2018, akitokea JKU ya Zanzibar, na mkataba wake ulikuwa unaisha Mei 2024. Pamoja na barua aliingiza kwenye akaunti ya klabu Sh112 milioni: Sh100 milioni za kurudisha ada ya usajili na Sh12 milioni zilizo sawa na mishahara ya miezi mitatu. Gawanya hiyo Sh12 milioni kwa tatu, unapata Sh4 milioni kwa mwezi. Huo ndio uliokuwa mshahara wa mchezaji wa kikosi cha kwanza cha bingwa wa nchi, na wa timu ya taifa, wakati ambapo watu walikuwa wakitaja kwa uhakika dau kubwa zaidi analoweza kulipwa kwingine.

Yanga ilikataa. Januari 2023 Kamati ya Sheria na Hadhi za Wachezaji ya Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania, TFF, ikaamua kwamba Fei Toto bado ni mchezaji halali wa Yanga. Machi ombi lake la mapitio likagonga mwamba. Miezi ikapita bila yeye kucheza. Vijiwe vya kahawa viligawanyika, wengi wakimwona kijana asiye na shukrani, na madai yaliyotoka upande wake kwamba aliwahi kula ugali kwa sukari yakageuzwa wimbo wa kumzomea. Ilifika hatua ya kuomba michango ya umma ili agharimie rufaa katika Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, CAS, huko Uswisi. Mgogoro haukumalizwa na CAS wala na kamati. Juni 5, 2023 Rais Samia Suluhu Hassan, alipowaandalia Yanga chakula cha jioni Ikulu kuwapongeza kwa kufika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, aliuomba uongozi wa klabu uyamalize. Siku tatu baadaye Yanga ikatangaza kumuuza kwa Azam FC.

Rais alisema jambo jema na wengi walishusha pumzi. Lakini tukiliangalia suala hili kama suala la kazi, na mimi naamini ni la kazi kabla halijawa la ushabiki, tutaona tatizo. Mfanyakazi alikuwa na mgogoro wa mshahara na mwajiri wake, akashindwa katika chombo kilichowekwa, akakosa fedha za kukata rufaa, kisha akaokolewa na neno la mkuu wa nchi. Beki wa Lipuli au winga wa Njombe Mji mwenye mgogoro kama huo hatafika Ikulu. Hoja yangu ni kwamba migogoro ya mishahara ya wanasoka wetu haiishi kwa sababu kila mmoja anaingia ndani yake peke yake. Fedha ni chache, ndiyo, na sheria zina mapengo, lakini pengo kubwa kuliko yote ni kukosekana kwa makubaliano ya pamoja kati ya wachezaji wote na klabu zote, yaliyoandikwa na kutiwa saini kabla ya mgogoro kuzuka. Na nchi iliyotoa ushahidi mzuri kuliko zote juu ya jambo hili haikuutoa katika soka. Ni Marekani, katika mchezo wa besiboli.

Kwa karibu karne nzima mchezaji wa besiboli wa Marekani alifungwa na kifungu kilichokuwa katika kila mkataba. Kifungu kilisema kwamba mkataba ukiisha na mchezaji asipokubali masharti mapya, klabu ina haki ya kuuongeza kwa mwaka mwingine. Klabu zilikisoma kwa maana kwamba mwaka huo wa nyongeza nao una nyongeza yake, na kuendelea, bila kikomo. Kwa hiyo mchezaji hakuwahi kuwa huru. Klabu iliweza kumuuza au kumbadilisha na mwingine, lakini yeye hakuweza kuondoka. Oktoba 1969 Curt Flood, mchezaji mweusi aliyekuwa akilipwa dola 90,000 kwa mwaka, fedha nyingi kwa wakati ule, aliambiwa kwamba baada ya miaka 12 St. Louis Cardinals imemhamishia Philadelphia. Alikataa. Siku moja kabla ya Krismasi alimwandikia kamishna wa ligi, Bowie Kuhn, kwamba hajioni kuwa mali ya kununuliwa na kuuzwa bila kujali matakwa yake, kisha akaenda mahakamani. Chama cha wachezaji kililipia mawakili, ila wakati wa kesi hakuna mchezaji hata mmoja aliyekuwa bado anacheza aliyefika kuketi nyuma yake. Alipoteza msimu mzima wa 1970, akajaribu kurudi 1971 kwa mechi 13, akastaafu. Juni 1972 Mahakama ya Juu ya Marekani ilimkatalia kwa kura 5 dhidi ya 3.

Miaka mitatu baadaye kifungu kilekile kilianguka, na namna kilivyoanguka ndiyo somo lenyewe. Mwaka 1966 wachezaji walikuwa wamemwajiri Marvin Miller, mchumi kutoka chama cha wafanyakazi wa viwanda vya chuma, awaongoze. Alikuta kima cha chini cha mshahara ni dola 6,000 kwa mwaka, nyongeza ya dola 1,000 tu kwa takriban miaka 20. Miller hakuanza na mambo makubwa. Alizunguka kambi za mazoezi akiongea na wachezaji, akapata mkataba wa kwanza wa pamoja mwaka 1968, kima cha chini kikawa dola 10,000. Katika mkataba wa pili, wa 1970, aliingiza kitu ambacho wamiliki hawakukiona kuwa hatari: migogoro ya mikataba iamuliwe na mtu asiye wa ligi, aliyekubaliwa na pande zote mbili. Mwaka 1975 Andy Messersmith wa Los Angeles alicheza msimu mzima bila kusaini mkataba mpya, na jina la Dave McNally wa Montreal likaungwa katika shauri lake. Desemba 23, 1975 mwamuzi huyo, Peter Seitz, akaamua kwamba mwaka mmoja wa nyongeza maana yake ni mwaka mmoja. Wamiliki walimfukuza Seitz papo hapo na kukimbilia mahakamani, lakini mahakama zikaheshimu kile walichokuwa wamekisaini wenyewe. Wastani wa mshahara ulipanda kutoka dola 51,000 hivi mwaka 1976 hadi zaidi ya dola 140,000 mwaka 1980.

Flood alikuwa jasiri kuliko Messersmith, na hoja yake ilikuwa nzito zaidi. Alizungumzia utu, mwenzake alizungumzia tafsiri ya sentensi moja. Aliyeshinda ni yule wa sentensi, kwa sababu nyuma yake palikuwa na mkataba wa wachezaji wote ulioweka nani ataamua. Nimerudia historia hii kwa kirefu kwa sababu tunapenda kudhani kwamba mchezaji maarufu akisimama kidete atawafungulia wenzake njia. Fei Toto alisimama, na alipoondoka Yanga kanuni zilibaki vilevile. Mchezaji wa kesho mwenye barua kama yake atakutana na kamati ileile.

Sheria zetu, kwa bahati nzuri, zinakijua chombo ninachokisema, na zina jina lake ambalo wafanyakazi wa reli, bandari, mabenki na halmashauri wanalitumia kila siku: mkataba wa hali bora. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, inawaruhusu wafanyakazi wasiopungua 20 kuunda chama. Chama kilichosajiliwa kikiwa na wanachama zaidi ya nusu katika eneo husika la kazi, mwajiri analazimika kukitambua na kujadiliana nacho kwa nia njema, na makubaliano yakishaandikwa na kusainiwa yanazibana pande zote. Kikosi kimoja cha Ligi Kuu kina wachezaji zaidi ya 20. Hakuna mahali sheria hiyo inaposema kwamba anayevaa njumu si mfanyakazi. Hata hivyo Ligi Kuu yetu haina mkataba wa hali bora. Kila mchezaji anasaini karatasi yake mwenyewe, mara nyingi usiku wa mwisho wa dirisha la usajili, akiwa na meneja ambaye huenda naye analipwa na klabu. Amri ya kima cha chini cha mshahara kwa sekta binafsi iliyotolewa 2022 ilitaja kilimo, madini, ujenzi, shule binafsi na ulinzi binafsi. Soka haikutajwa kwa jina lake. Mlinzi wa kampuni anayesimama kwenye geti la uwanja alikuwa na kiwango kilichowekwa kwa ajili ya kazi yake, golikipa aliyeko ndani hakuwa nacho.

Tuangalie sasa jinsi upweke huu unavyofanya kazi kwa vitendo. Mchezaji wa kigeni anayeidai klabu ya Tanzania anaweza kuipeleka moja kwa moja Fifa, kwa kuwa mgogoro wake unavuka mpaka. Huko kuna baraza la kutatua migogoro ambalo wachezaji na klabu wana wawakilishi kwa idadi sawa, na klabu isipolipa inafungiwa kusajili. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2024 Yanga ilipofungiwa kwa sababu ya madai ya mshambuliaji wake wa zamani kutoka Zambia, Lazarous Kambole. Mghana Bernard Morrison naye, alipogombewa na Yanga na Simba mwaka 2020, shauri lake lilifika CAS na Novemba 2021 akashinda. Mtanzania aliyekaa chumba kimoja na Kambole kambini, akidai miezi ileile ya mshahara, anaanzia TFF, kwa kamati ambayo wajumbe wake huteuliwa na shirikisho, shirikisho ambalo klabu ni wadau wake wakubwa. Sidai kwamba wajumbe hao si waadilifu. Nasema muundo wenyewe haumpi mchezaji mjumbe hata mmoja aliyemchagua. Fifa inakubali vyombo vya kitaifa vya namna hii, kwa sharti kwamba wachezaji na klabu wawe na uwakilishi sawa chini ya mwenyekiti huru. Kanuni zake pia zinatambua haki ya mchezaji kwenda mahakama za kiraia kwa mgogoro wa ajira, jambo ambalo viongozi wengi wa klabu hulizungumza kana kwamba ni dhambi.

Kwa kukosa chombo wanachokiamini, wachezaji wetu hutumia silaha pekee waliyonayo, nayo ni kutoonekana mazoezini. Yanga ya 2018 ni mfano ulio wazi. Mfanyabiashara Yusuf Manji aliachia uenyekiti mwaka 2017, fedha zikakauka, na klabu ikafika kutembeza bakuli kwa wanachama na mashabiki. Golikipa Beno Kakolanya, aliyekuwa ametoka Tanzania Prisons ya Mbeya, mwishoni mwa 2018 aliacha kufika kambini akidai mishahara na ada ya usajili. Kocha Mwinyi Zahera akagoma kumrudisha. Mwisho wa yote Kakolanya akawa mchezaji huru na mwaka 2019 akajiunga na Simba, lakini nusu ya msimu wake ilikuwa imeteketea, na klabu ilikuwa imepoteza golikipa bila kupata chochote. Hapo nani alishinda? Kanuni za Fifa zinasema kwamba mchezaji asiyelipwa mishahara miwili ya mwezi anaweza kuiandikia klabu, kuipa siku 15, na isipolipa akavunja mkataba kwa sababu ya haki. Ni kanuni nzuri. Inadai barua, tarehe, kumbukumbu za benki na mtu wa kumshauri, yaani vitu ambavyo kijana wa miaka 21 aliyetoka Makambako hana, na ambavyo ofisi moja ya chama yenye mwanasheria mmoja ingevitoa kwa wachezaji wa klabu zote.

Jibu la kwanza utakalolisikia kwa viongozi ni kwamba klabu hazina fedha. Kwa baadhi ni kweli. Msimu wa 2018/19 Ligi Kuu ilichezwa bila mdhamini mkuu, na timu za mikoani zilisafiri kwa kubangaiza. Lakini Mei 2021 TFF ilisaini na Azam Media mkataba wa haki za matangazo wa miaka 10 wenye thamani ya Sh225.6 bilioni, na Oktoba mwaka huo Benki ya NBC ikaingia kuwa mdhamini mkuu. Mkataba ule wa televisheni peke yake ni wastani wa zaidi ya Sh22 bilioni kwa mwaka. Si zote zinazokwenda kwa klabu, wala hazigawanywi sawa. Hata hivyo tufanye hesabu ya mfano tu: klabu ikiwa na wachezaji 25 na kima cha chini cha Sh1 milioni kwa mwezi, gharama ya mwaka ni Sh300 milioni. Kwa klabu 16 ni Sh4.8 bilioni. Kiasi hicho kingeweza kukatwa kutoka fungu la televisheni kabla halijafika kwenye akaunti za klabu, na kuwekwa kwa ajili ya mishahara tu. Hakuna klabu ambayo ingefilisika kwa kulipwa sehemu ya fedha zake moja kwa moja kwa wafanyakazi wake.

Na juu ya kilio cha ukata, uzoefu wa besiboli unatufundisha kuomba vitabu vya hesabu kabla ya kutoa pole. Wamiliki wa Marekani walilia umaskini katika kila mazungumzo. Kati ya 1985 na 1987 waliafikiana kichinichini wasigombee wachezaji huru, ili mishahara isipande. Waamuzi wa migogoro wakawabaini, na mwaka 1990 wamiliki wakakubali kulipa dola milioni 280. Bila chama cha kulinganisha mikataba ya wachezaji mamia kwa mamia, udanganyifu huo usingeonekana, kwa sababu kila mchezaji angedhani ni yeye tu aliyeshuka kiwango. Hapa kwetu mchezaji hajui mwenzake wa nafasi ileile katika klabu ya jirani analipwa nini. Anakisia kutokana na tetesi za redio, na tetesi hizo mara nyingi huvumishwa na wenye maslahi.

Jibu la pili ni zito zaidi, nami nalipa heshima yake: mkataba ni mkataba. Fei Toto alisaini akiwa na akili timamu, akachukua Sh100 milioni, na klabu ikapanga misimu yake juu ya sahihi hiyo. Kama kila mchezaji ataondoka pindi dau kubwa linapotajwa, hakuna timu itakayojengwa, na klabu ndogo zitageuka vitalu vya kuotesha wachezaji wa wakubwa. Nakubaliana na sehemu kubwa ya hoja hii. Ndiyo maana simtetei mchezaji wa kuvunja mkataba apendavyo, na hata Marekani wachezaji wenyewe, walipopewa ushindi wa Seitz, hawakudai uhuru wa kila mwaka. Katika mkataba wa pamoja wa 1976 walikubali kwamba mchezaji atakuwa huru baada ya miaka sita ya kuitumikia ligi, kwa sababu Miller aliona kwamba soko likijaa wachezaji huru kila mwaka bei yao ingeshuka. Makubaliano ya pamoja yalilinda klabu kwa miaka sita na mchezaji baada ya hapo. Mkataba wa namna hiyo hapa ungeweza kusema wazi: mchezaji akipanda kiwango mshahara ujadiliwe tena baada ya muda fulani, bei ya kuuvunja mkataba iandikwe siku ya kusaini, klabu ikihama mkoa katikati ya msimu mchezaji apewe nafasi ya kuchagua, na klabu ikibadilisha jina au mmiliki, madeni ya mishahara yaifuate. Hilo la mwisho Fifa wameshaliweka katika kanuni zao za nidhamu kwa klabu inayorithi klabu nyingine, na katika ligi ambayo timu huhama na kubadilishwa jina kama yetu, ni jambo la lazima.

Wapo wanaohofia migomo. Chama kikiwa na nguvu, wanasema, ligi itasimama. Inaweza kusimama. Mwaka 1994 wachezaji wa besiboli waligoma Agosti 12 kupinga kikomo cha jumla ya mishahara, mgomo ukadumu siku 232, na fainali ya ligi, ambayo ilikuwa ikichezwa kila mwaka tangu 1905, haikufanyika. Msimu uliofuata wastani wa watazamaji uwanjani ulishuka kwa takriban asilimia 20. Watu waliumia, na baadhi hawakurudi tena. Mwaka 2021 zamu ikawa ya wamiliki: waliwafungia nje wachezaji kwa siku 99, kuanzia Desemba 2 hadi Machi 10, 2022, na mazungumzo yakaisha kima cha chini kikiwa dola 700,000 kwa mwaka. Lakini sheria yetu si ya kuruhusu mgomo wa kushtukiza. Lazima mgogoro uwe wa maslahi, upite katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kwa siku 30, wanachama wapige kura, kisha mwajiri apewe notisi ya saa 48. Mshahara ambao tayari unadaiwa kwa mujibu wa mkataba haugomewi kabisa. Unapelekwa kwenye uamuzi. Nikilinganisha utaratibu huo na migomo baridi tuliyoizoea, ambapo shabiki analipa kiingilio kutazama timu iliyogoma kufanya mazoezi wiki nzima bila yeye kuambiwa, naona shabiki anapata zaidi kwa utaratibu.

Kikwazo kinachonisumbua zaidi hakisemwi na wapinzani wa vyama, nacho kiko hapa Nyanda za Juu Kusini. Tanzania Prisons ni timu ya Jeshi la Magereza. JKT Tanzania ni ya Jeshi la Kujenga Taifa, Polisi Tanzania ni ya polisi. Sheria ile ya 2004 imewaondoa waziwazi walio katika majeshi hayo, kwa hiyo mchezaji ambaye ni askari hawezi kuwa mwanachama wa chama cha wafanyakazi chini yake. Mbeya City nayo ni mtoto wa Halmashauri ya Jiji, jambo linalofanya mwajiri wake awe ni chombo cha umma chenye bajeti na taratibu zake. Ligi yetu basi ina waajiri wa aina tatu au nne, na mkataba mmoja wa hali bora hauwezi kuwavika wote vazi moja. Hapo sina jibu jepesi. Ninachokiona ni kwamba askari mchezaji, pamoja na kunyimwa chama, ana mshahara wa serikali usiosubiri mapato ya getini, na pensheni baada ya goti kuharibika. Tayari ana sehemu ya yale ambayo mkataba wa hali bora ungewapa wenzake raia. Makubaliano yanaweza kuanzia kwa klabu za raia, ambazo ndizo nyingi, na viwango vyake vikaingizwa katika kanuni za ligi zinazoibana kila timu, ikiwemo ya jeshi, kama vile leseni za klabu zinavyoibana.

Chama tunacho. Sputanza, Chama cha Wacheza Soka Tanzania, kipo kwa miaka mingi na ni mwanachama wa TFF sambamba na vyama vya makocha, waamuzi na madaktari wa michezo. Nafasi hiyo inakipa sauti katika Mkutano Mkuu wa shirikisho, lakini ni sauti ya mwanachama ndani ya nyumba ya mwingine. Wachezaji wa Marekani nao walianza hivyo. Kabla ya Miller, chama chao kilitegemea fedha za wamiliki. Kazi ya kwanza ya Miller ilikuwa kukifanya kiendeshwe kwa ada za wachezaji. Sputanza inaweza kubaki TFF kwa mambo ya mpira, ila kwa mambo ya mishahara inahitaji wachezaji walio bado uwanjani, wanaolipa ada kila mwezi hata kama ni ndogo, na wanaoichagua kwa kura zao. Hilo linawadai mastaa wa Simba, Yanga na Azam, ambao wana kidogo cha kupata na jina kubwa la kutoa. Mkataba wa televisheni wa 2021 ni wa miaka 10. Utakapoandikwa upya, TFF, Bodi ya Ligi na kampuni ya matangazo watakaa mezani kugawana fungu, na asilimia ya mishahara ya wachezaji itaingia humo endapo tu kutakuwa na mtu aliyetumwa na wachezaji kuidai. Usajili wa chama, ukusanyaji wa wanachama klabu kwa klabu na kutambuliwa na waajiri ni kazi ya miaka, kwa hiyo ianze msimu huu.